Kifurushi cha simu kipimwe kwa bamvua



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, akishavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, huanza kuvihesabu vijiji vya Kilwa kimoja baada ya kingine. Somanga ni kimojawapo, na ni vigumu kukipita bila mtu ndani ya gari kuuliza habari ya samaki. Ufukweni kuna wavuvi, barabarani kuna biashara, na upande wa pili kuna mitambo ya gesi itokayo Songosongo. Katika mikono ya watu hao wote siku hizi ipo simu. Wengine wana kitochi, wengine wana simu janja, ile ambayo vijana huiita simu ya kupangusa.

Leo sitaki kuzungumzia kama ni vema mvuvi kuwa na simu janja au la. Mjadala huo umekwisha, mvuvi mwenyewe ameumaliza kwa kuinunua. Ninachotaka tukitazame ni fedha inayofuata baada ya kununua. Simu hununuliwa mara moja, lakini laini na kifurushi hununuliwa kila siku, na mara nyingi huyo anayenunua hajui hasa amenunua nini.

Tuanze na simu yenyewe, maana hapo ndipo hasara ya kwanza hujificha. Simu nyingi ziuzwazo madukani kwetu hazikufungwa kwenye mtandao mmoja. Unaweza kuweka laini ya Vodacom asubuhi na ya Airtel jioni, nayo haitalalamika. Lakini zipo zilizofungwa. Zipo zile zilizouzwa kwa bei ya chini na kampuni ya simu kwa sharti la kutumia laini yake tu, na zipo zile zilizotumika Ulaya au Marekani zikaletwa huku ndani ya begi la ndugu au ndani ya kontena. Mtu huambiwa, "Imeshafunguliwa hii, weka laini yoyote." Dawa ya neno hilo ni moja: kabla fedha haijatoka mfukoni, azima laini ya mtandao mwingine kwa jirani, iweke, piga simu, kisha fungua intaneti. Fanya hivyo kwa mitandao miwili. Muuzaji mwenye nia njema hatakasirika.

Na hata simu iliyofunguliwa kweli yaweza kukuangusha. Simu husikiliza mawimbi ya namna maalumu, kama vile redio yako inavyosikiliza masafa fulani. Wakubwa mnakumbuka redio za zamani zilizokuwa na masafa ya kati na masafa mafupi. Ukiweka sindano mahali pasipo stesheni utasikia mvumo tu hata kama redio ni mpya. Basi na simu ni vivyo hivyo. Mitandao ya kwetu hutumia masafa ya megahezi 700 na 800 kwa ajili ya intaneti ya kasi, pamoja na masafa mengine ya juu zaidi. Mwezi Juni 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilinadi masafa ya megahezi 700, na mwaka 2022 ikanadi mengine. Masafa haya ya chini yana sifa kubwa kwa watu wa vijijini, kwa sababu mawimbi yake hufika mbali na hupenya miti na kuta vizuri kuliko yale ya juu. Sasa simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani nayo huwa na megahezi 700, lakini mpangilio wao si mpangilio wetu. Mjini Dar es Salaam, palipo na minara kila kona, mwenye simu hiyo hataona tofauti kubwa. Akiipeleka nyuma ya mikoko ya Somanga, itakaa kimya, naye atailaumu kampuni ya simu bure.

Jambo jingine la kukagua ni uhalali. Bonyeza *#06# utaona tarakimu kumi na tano za utambulisho wa simu. Ukizituma kwa ujumbe kwenda 15090 utajibiwa ni simu ya aina gani. Kama jibu linasema ni simu ya aina nyingine kabisa na uliyoishika, irudishe palepale. Wapo wanaokumbuka Juni 2016, pale simu bandia zilipozimwa usiku mmoja nchi nzima, na watu wakaamka na vipande vya plastiki vya kutazamia saa.

Haya, simu ni nzima na iko huru. Laini ipi?

Hapa ndipo watu huanza kubishana kama wa Simba na Yanga. Huyu atasema Vodacom, yule Airtel, mwingine Halotel iliyoingia sokoni mwaka 2015 na kukimbilia vijijini, mwingine Yas, ambayo hadi Novemba 2024 tuliijua kwa jina la Tigo, na wapo waaminifu wa TTCL. Mimi nasema mabishano hayo hayana maana mpaka tuulize kwanza: unasimama wapi unapoihitaji simu? Laini ya bei nafuu isiyoshika mahali unapofanyia kazi ni ghali kuliko zote. Anayeuza samaki kando ya barabara kuu hana shida sana. Anayelima ufuta ndani, mbali na lami, ana habari nyingine. Mvuvi ana habari ya tatu, kwa sababu yeye huitaka simu akiwa bado baharini, anapokaribia pwani, ili amuulize mnunuzi bei kabla hajafika na samaki wanaoharibika. Njia ya kujua ni rahisi na haina gharama. Siku utakayotoka na wenzako, tazama nani kati yenu simu yake inaanza kushika mwanzo mnaporudi, na inatumia mtandao gani. Rudia mara mbili tatu. Ushahidi huo ni bora kuliko bango lolote la barabarani.

Zamani ilikuwapo sababu nyingine ya kung'ang'ania mtandao wa ndugu zako wote, nayo ni kwamba kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali mno. Kampuni moja hulipa nyingine kwa kila dakika inayovuka mpaka. Malipo hayo yalikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, yakashushwa kila mwaka hadi kufikia shilingi 2 mwaka 2022. Ndiyo sababu leo vifurushi vya "mitandao yote" vimejaa. Kwa hiyo anayeendelea kubeba laini nne ili kila shangazi ampigie kwa laini yake, anatii sheria ya enzi iliyopita. Laini mbili katika simu ya laini mbili zatosha: moja iwe ile inayojulikana na watu na yenye fedha zako, nyingine iwe ya intaneti, ile inayoshika vizuri mahali pako na yenye bei nzuri.

Sasa tufike kwenye kifurushi chenyewe, na hapa naomba msikilizaji uvute kiti.

Nimesimama mara nyingi kwenye vibanda vya mawakala nikisikiliza. Mzee anafika, kijana anamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, niwekee kifurushi." "Cha shilingi ngapi?" "Cha elfu moja." Kijana anabonyeza, mzee anashukuru, anakwenda zake. Mazungumzo mazuri yenye adabu zote. Lakini hakuna aliyeuliza cha kazi gani, wala cha siku ngapi, wala ndani yake kuna nini. Mzee huyo huyo akienda kununua kamba ya jarife atauliza unene, ataivuta, ataipima kwa mkono, atapunguziwa bei. Kifurushi anakinunua kwa macho yaliyofumbwa.

Kifurushi ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: dakika au megabaiti, bei, na muda. Watu hutazama viwili vya kwanza wakasahau cha tatu, na cha tatu ndicho kinachokula fedha za watu wa pwani.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni, kwa maana bei hubadilika kila leo. Tuseme kifurushi cha siku ni shilingi 500, na kifurushi cha mwezi chenye matumizi yaleyale ni shilingi 10,000. Mwenye duka la chakula pale barabarani hutumia simu kila siku. Akinunua cha siku kwa siku thelathini atalipa shilingi 15,000. Cha mwezi kitamwokolea 5,000. Hapo kila mtu atakubali kwamba cha mwezi ni nafuu. Lakini mvuvi ambaye kwa mwezi mzima yuko mahali penye mtandao siku kumi na nne tu, akinunua cha siku atalipa shilingi 7,000. Cha mwezi kitamtia hasara ya 3,000. Kwa bei hizo mpaka wao ni siku ishirini: ukitumia pungufu ya hapo, nunua cha siku, ukitumia zaidi, nunua cha mwezi. Fanya hesabu hiyo kwa bei za mtandao wako. Gawanya bei ya mwezi kwa bei ya siku, jibu ndilo idadi ya siku.

Tatizo ni kwamba kampuni za simu zimepanga muda kwa hesabu ya mtu wa mshahara: siku, wiki, mwezi. Pwani ya Kilwa haiishi kwa mwezi wa mshahara. Inaishi kwa mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali, mwamba huwa wazi, na kina mama wenye kushika pweza hupata fedha. Maji mafu yakiingia fedha hiyo hukauka. Kwa upande wa pili, wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutaka giza. Mbalamwezi ikitawala wao hukaa nchi kavu kutengeneza nyavu. Basi katika nyumba moja, mume wa dagaa na mke wa pweza wanaweza kuwa na kalenda mbili zinazopishana, na kifurushi kimoja cha mwezi mzima hakimfai yeyote kati yao. Mke atanufaika na kifurushi cha wiki akikinunua siku bamvua linapoanza, maana siku zile sita saba ndizo mnunuzi anazompigia. Mume naye akinunue giza linapoanza. Katikati wakae na dakika chache tu za kupokea na kuitikia. Wanaokwenda dago, wakipiga kambi visiwani kwa wiki kadhaa, wasinunue chochote siku ya kuondoka. Wanunue wakishafika na kuona kama mtandao upo.

Najua mtu atasema, "Fedha ya wiki nzima siipati kwa mkupuo." Ni kweli, na hilo ndilo jambo lenye uchungu katika biashara hii. Maskini hununua kidogo kidogo na kwa hiyo hununua ghali, kama anavyonunua mafuta ya kula kwa kipimo cha kijiko. Zaidi ya hayo zipo huduma za kukopa vocha usiku, unakopeshwa na kukatwa ada papo hapo. Anayekopa kila siku na kulipa kila siku ameongeza bei ya kifurushi chake bila kampuni kupandisha hata senti. Namna ya kutoka humo ni kuweka kando fedha ya kifurushi cha wiki siku ya mauzo mazuri, katika akaunti ileile ya simu, kabla haijamegwa.

Kuhusu intaneti, pima kwa bei ya megabaiti moja. Katika mjadala wa bei wa mwaka 2022 Serikali ilitaja viwango vya kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa megabaiti. Tazama upana huo! Megabaiti elfu moja kwa kiwango cha chini ni shilingi 2,030, na kwa kiwango cha juu ni shilingi 9,350. Ni kitu kilekile. Chukua bei ya kifurushi, gawanya kwa megabaiti zake, utajua umesimama wapi kati ya ncha hizo mbili. Na tusisahau kwamba kampuni hazili peke yao. Kwa viwango vya mwaka 2024, ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa pamoja vilichukua zaidi ya robo ya kila shilingi ya vocha.

Simu janja nayo ina tabia ya mtoto mlafi, hula hata usipoiona. Programu hujisasisha zenyewe, picha na video za makundi ya WhatsApp huingia bila kubisha hodi. Ingia kwenye mipangilio, kataza video zisipakuliwe zenyewe, kataza programu zisijisasishe kwa fedha yako, na uzime data usipoihitaji. Ujumbe wa sauti ni mwepisi sana. Video ya saa moja, hata ile isiyo ya ubora wa juu, yaweza kula megabaiti mia tatu na zaidi. Kwa mwenye kutuma bei na picha za samaki tu, kifurushi kidogo hudumu muda mrefu kuliko anavyodhani.

Je, kifurushi lazima kife tarehe yake ikifika? Si lazima, ila tumezoeshwa. Afrika Kusini ilianza mwaka 2019 kutumia kanuni za kumruhusu mteja kuendeleza data iliyobaki. Mwaka huohuo Safaricom ya Kenya ilitoa vifurushi visivyo na tarehe ya mwisho. Kwetu, mwaka 2021 TCRA ilitangaza kwamba mteja ataarifiwe matumizi yake yanapofika asilimia 75 na asilimia 100, na asihamishiwe bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Bei mpya zilizoanza Aprili mwaka huo zilipandisha kelele nchi nzima, na Serikali ikazisitisha mara moja. Kwa hiyo kelele za mtumiaji husikika. Ukikuta katika orodha ya mtandao wako kifurushi kisicho na muda wa kuisha, kipe nafasi hata kama megabaiti zake ni chache kidogo. Kwa mtu wa bahari huenda kikawa ndicho cha bei nafuu kuliko vyote.

Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika katika maeneo ya Somanga. Mabasi na malori yakakwama. Katika hali ile, mwenye salio aliweza kuwaambia wa nyumbani kwamba yu mzima, na mwenye samaki aliweza kumzuia mnunuzi asitume gari la barafu. Kisha, tarehe 12 ya mwezi huohuo, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikadorora nchini. Simu za kawaida za sauti ziliendelea. Aliyeweka fedha yake yote kwenye data ya siku moja alijikuta ameshika saa zinazokwisha, naye hana dakika hata moja ya kumpigia mtu. Ndiyo sababu nashauri kwamba kila mwenye kifurushi cha intaneti abakize dakika chache za sauti, na ikiwezekana ziwe kwenye laini ya mtandao wa pili.

Na usajili: laini yako isajiliwe kwa kitambulisho chako cha NIDA na kwa alama ya kidole chako. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, hata ukiambiwa ni ya bure, maana siku atakapoihitaji fedha zako zitakuwa ndani ya nyumba yake. Bonyeza *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ukipata ujumbe wa "ile fedha tuma kwenye namba hii", uelekeze 15040.

Mwisho, wapo wanaovumilia mtandao mbovu kwa kuogopa kupoteza namba ambayo wateja wote wa Dar es Salaam wanaijua. Tangu Machi 2017 hofu hiyo haina msingi. Namba ni yako, unaweza kuhama nayo. Nenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho, tuma neno HAMA kwenda 15080, na namba yako itahamia huko. Lakini kabla hujahama, toa fedha zote zilizomo katika akaunti yako ya simu na umalize mikopo, kwa kuwa namba huhama, fedha hubaki. Na ni vizuri ufanye hivyo wakati wa maji mafu, siku ambazo wanunuzi hawapigi.